Tiketi si fadhila: Nani anaweza kukutoa kwenye kiti chako?

Kama unaishi Nairobi, kuna uwezekano mkubwa kwamba umewahi kuuzwa. Si utani. Umepanda matatu ya Rongai pale tao, umelipa, umekaa dirishani, muziki umejaa masikioni. Mkifika Galleria gari linasimama. Makanga anachungulia ndani na kusema, "Shukeni, ingieni hiyo ya nyuma." Abiria mmebaki wachache, dere ameona afadhali ageuze arudi kutafuta wengine, na nyinyi mnahamishwa kama magunia ya viazi. Hakuna aliyekuuliza. Mmoja analalamika, wengine wanafyonza, halafu nyote mnashuka.

Tumezoea. Na shida iko hapo hapo, kwa sababu mazoea hayo hatuyaachi steji. Tunapanda nayo ndege.

Siku hizi ndege si ya mabosi pekee. Unangoja ofa, unakata tiketi ya Mombasa au Kisumu kwa simu. Binamu yako ameenda Doha kikazi. Beste yako amepata shule Uholanzi ama Marekani. Kwa hivyo swali hili linakuhusu: ukishakaa, mkanda umefungwa, begi liko juu, nani ana haki ya kukuambia ushuke? Na ukisema hapana, anaweza kukuburuta?

Jibu langu nalitoa mapema. Nguvu ya kumtoa mtu ndani ya ndege iliwekwa kwa ajili ya usalama. Haikuwekwa ili kurekebisha hesabu za kampuni. Kampuni ikianza kuazima nguvu ya usalama ili kumaliza shida ya biashara, hakuna abiria aliye salama, hata yule mpole kabisa.

Kesi inayoonyesha jambo hili vizuri ilitokea Marekani, na huenda uliona video yake. Ilikuwa Jumapili, Aprili 9, 2017, katika uwanja wa O'Hare, Chicago. Ndege ya United Express nambari 3411 ilikuwa inaelekea Louisville, jimbo la Kentucky. Ndege ndogo ya viti 70. Abiria walikuwa wameshaingia na kukaa. Ndipo kampuni ikakumbuka kwamba ina wafanyakazi wake wanne ambao lazima wafike Louisville, maana kuna ndege ya huko waliyotakiwa kuihudumia.

Kampuni ikaomba watu wanne wajitolee kushuka. Ikaahidi vocha ya dola 400 kwa kila mmoja, baadaye ikapandisha hadi dola 800. Kimya. Hakuna aliyeinuka. Hapo kampuni ikaacha kuongeza bei na kuanza kuchagua watu. Watatu kati ya waliochaguliwa wakashuka. Wa nne, David Dao, daktari wa miaka 69, akasema hashuki kwa sababu ana wagonjwa wanaomngoja. Wakaitwa maafisa wa usalama wa idara ya viwanja vya ndege ya jiji la Chicago. Wakamng'oa kitini, uso ukagonga sehemu ya kuegemeza mkono, kisha wakamburuta sakafuni akiwa ameshikwa mikono, miwani imeteleza, damu mdomoni. Alivunjika pua, akapoteza meno mawili na kupata mtikiso wa ubongo.

Hebu tulia hapo kidogo uangalie jambo moja. Mtu huyu hakuwa amelewa. Hakuwa ametishia mtu. Hakuwa na silaha, wala hakuwa amegusa mhudumu. Alikuwa amelipa, ameruhusiwa kuingia, na amekaa kwenye kiti chenye nambari iliyo kwenye tiketi yake. Kosa lake lilikuwa kwamba kampuni ilikuwa inahitaji kiti.

Na kuna kitu ambacho wengi walikosea wakati ule, na bado wanakosea. Watu walisema ndege ilikuwa imeuzwa kupita kiasi. Kuuza kupita kiasi ni jambo la kawaida: kampuni ikiwa na viti 70 inaweza kuuza tiketi 73, kwa kuwa imezoea kuona watu wachache wakikosa kufika. Wote wakifika, kuna watakaobaki. Lakini katika ndege hii kila abiria aliyeingia alipata kiti chake. Tatizo lilikuja baadaye, ndani ya kampuni yenyewe, katika kupanga wafanyakazi. Yaani kosa la ofisi ya ratiba lilitatuliwa kwa uso wa abiria.

Sasa unaweza kuuliza, "Kwani angeshuka tu na kulipwa, si mambo yangeisha?" Swali zuri. Ila linaruka hatua moja. Mtu akitaka kitu chako, njia ya haki ni kukuuliza bei. Ukikataa shilingi mia, anapandisha. Ukikataa mia mbili, anapandisha tena. Abiria wa ndege ile hawakusema hawauzi kwa bei yoyote. Walisema hawauzi kwa dola 800 za vocha, ambazo si pesa taslimu. Zingekuwa 1,500 mkononi, nina uhakika mtu angeinuka akiimba.

Na wazo hili si la juzi. Mwaka 1968 mwanauchumi Mmarekani aitwaye Julian Simon alipendekeza kwamba abiria wakizidi, kampuni ifanye mnada: yule anayetaka pesa kidogo zaidi ili angoje ndege ya baadaye ndiye abaki. Mashirika ya ndege yalilipuuza wazo hilo kwa miaka. Mwisho wa miaka ya sabini serikali ya Marekani ikaweka sharti kwamba lazima kampuni itafute wa kujitolea kwanza, kabla ya kumlazimisha mtu. Kwa hivyo dawa ilijulikana miongo mingi kabla ya meno ya Dkt Dao kung'oka. Kilichokosekana siku ile ni ruhusa ya mfanyakazi wa mlangoni kupandisha bei.

Kabla ya hapo, wakili mtetezi wa wanunuzi, Ralph Nader, naye aliachwa na ndege mwaka 1972. Alikuwa na tiketi ya Allegheny kutoka Washington kwenda Hartford, ila viti vilikuwa vimeuzwa kupita kiasi. Hakuburutwa, aliachwa tu mlangoni. Akashtaki, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema ana haki ya kuendelea na madai yake kwamba kampuni ilimdanganya kwa kumficha kwamba inauza tiketi kupita viti. Ujumbe ulikuwa wazi: tiketi ni ahadi, na anayetoa ahadi anayojua huenda asiitimize anapaswa kumwambia mnunuzi.

Wacha sasa tuongee kuhusu nani anachaguliwa. Hili ndilo linapaswa kukukera zaidi, wewe kijana wa tiketi ya ofa. Kampuni haipigi kura. Kwa kawaida inaangalia nani alilipa nauli gani, nani ni mteja wa kila mara mwenye kadi ya pointi, na nani alichelewa kujisajili kwa safari. Ukisoma masharti ya kampuni nyingi utakuta mambo hayo. Maana yake ni rahisi: aliyelipa kidogo na asiyesafiri mara kwa mara ndiye wa kwanza kwenye mstari. Yule bosi wa kila wiki haguswi. Anayeguswa ni mwanafunzi, ni mama anayeenda kumwona mtoto, ni mtu anayesafiri mara moja kwa miaka mitano. Kiti kile kile, ndege ile ile, lakini ahadi yako ina uzito mdogo kuliko ya jirani yako.

Fikiria binti anayeondoka JKIA kwenda Ghuba kuanza kazi. Tiketi yake ni ya bei ya chini kabisa. Ana viza yenye tarehe. Ana mwajiri anayemngoja upande wa pili. Akiachwa, hajapoteza safari tu. Huenda amepoteza kazi. Na ni nani kati ya wote waliomo ndani ya ndege asiyeweza kubishana na mtu mwenye sare? Ni yeye.

Kampuni nayo ina hoja zake, na si za kipuuzi. Kuuza tiketi kidogo juu ya idadi ya viti husaidia ndege kutoruka na viti vitupu, na viti vitupu hatimaye hulipiwa na sisi kwa nauli. Wafanyakazi wanne wasipofika Louisville, ndege nyingine nzima huenda ikafutwa na watu wengi zaidi wakaumia. Na ndani ya ndege lazima mtu mmoja awe na sauti ya mwisho. Huwezi kuitisha baraza la wazee futi 35,000 angani.

Nakubali yote hayo. Nakubali hasa hilo la mwisho. Mkataba wa Tokyo wa 1963, ambao nchi nyingi za dunia zimeutia saini, unampa kapteni uwezo wa kuchukua hatua zinazofaa dhidi ya mtu anayehatarisha usalama au utulivu ndani ya ndege, hata kumfunga na kumshusha. Na ni vizuri. Mtu akimpiga mhudumu, akijaribu kufungua mlango, akileta vurugu za pombe, mimi mwenyewe nitapiga makofi akitolewa.

Lakini angalia sababu ya uwezo huo: usalama na utulivu. Haisemi popote kwamba kapteni ni dalali wa viti. Ujanja unaotumika ni huu: kampuni inakuambia ushuke kwa sababu ya biashara. Unakataa. Sasa kukataa kwako kunaitwa vurugu. Vurugu ni suala la usalama. Kwa hivyo wanaitwa askari. Umeona mchezo? Ulikuwa mteja sekunde thelathini zilizopita, sasa wewe ni mhalifu, na hujainuka hata kitini. Kama kukataa kuuza kiti chako kunakugeuza kuwa hatari, basi hakuna abiria asiye hatari. Kuna tu wale ambao bado hawajaombwa washuke.

Ndivyo ilivyokuwa baada ya tukio la Chicago pia. Mkurugenzi mkuu wa United, Oscar Munoz, kwanza aliomba radhi kwa kulazimika "kuwatafutia abiria nafasi nyingine", maneno laini ambayo yaliwachoma watu kuliko video yenyewe. Katika barua kwa wafanyakazi alimtaja abiria kama mtu mkaidi na msumbufu. Siku iliyofuata, hisa za kampuni zikiporomoka na dunia ikipiga kelele, radhi ya kweli ikaja: hakuna mtu anayestahili kutendewa hivyo. Wakati huo huo wengine wakaanza kuchimba maisha ya zamani ya Dkt Dao, kana kwamba mtu lazima awe malaika ndipo asivunjwe pua. Manze, haki ya kiti haiulizi cheti cha tabia njema.

Na mambo yakabadilika. Kabla ya Aprili kuisha, United na Dkt Dao walikuwa wameelewana nje ya mahakama kwa kiasi ambacho hakikutangazwa. Kampuni ikasema haitamtoa tena abiria aliyekwisha kaa ila kwa sababu za usalama. Wafanyakazi wake wanaosafiri watajiandikisha angalau dakika 60 kabla ya ndege kuondoka. Na bei ya kumshawishi mtu ajitolee inaweza kufika dola 10,000. Mwaka 2018 bunge la Marekani likapitisha sheria, na mwanzoni mwa 2021 Wizara ya Uchukuzi ikaandika kanuni: ukishakubaliwa kuingia ndegeni, huwezi kushushwa kwa lazima kwa sababu ya viti. Usalama, afya na uvunjaji wa sheria ndizo sababu zinazobaki.

Je, ndege zilikwama? Kampuni zilifilisika? Zii. Mwaka 2016, walioachwa kwa lazima na mashirika ya Marekani walikuwa 0.62 kwa kila abiria 10,000. Mwaka 2017 ikashuka hadi 0.34. Wafanyakazi wa milangoni walipopewa ruhusa ya kupandisha bei, wa kujitolea walipatikana. Ilikuwa rahisi hivyo.

Sasa tuje nyumbani. Wengi hudhani sheria hizo ni za wazungu huko kwao. Si kweli. Kanuni ya Marekani ya kuachwa na ndege inahusu safari zinazoanzia Marekani, hata kama ndege ni ya nchi nyingine. Tangu Oktoba 2018 Kenya Airways inaruka moja kwa moja kati ya Nairobi na New York. Ukiwa unarudi nyumbani kutoka New York ukaachwa kwa lazima kwa sababu ya viti kuzidi, kanuni hiyo inakuhusu. Fidia inategemea nauli yako na utachelewa kiasi gani. Inaweza kufika mara nne ya nauli ya kwenda, na kiwango cha juu kuanzia 2025 ni dola 2,150. Na una haki ya kudai pesa, si vocha.

Ulaya nako kuna sheria ya mwaka 2004, nambari 261. Inahusu ndege yoyote inayotoka uwanja wa Umoja wa Ulaya, na pia ndege ya kampuni ya Ulaya inayoelekea huko. Kwa hivyo ukitoka Amsterdam kuja Nairobi, umo. Ukitoka Nairobi kwenda Amsterdam kwa KLM, umo. Ukiachwa bila hiari yako katika safari ya zaidi ya kilomita 3,500, fidia ya kawaida ni yuro 600, pamoja na chakula na pa kulala ukingoja. Sheria hiyo pia inalazimisha kampuni kuweka bango kwenye kaunta linalokuambia udai haki zako.

Na hapa Kenya? Tuna msingi mzuri kuliko tunavyojua. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya huduma ya ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na fidia akipata hasara kwa huduma mbovu. Kinasema wazi kwamba hilo linahusu mashirika ya umma na watu binafsi pia. Kifungu cha 28 kinalinda heshima yako kama binadamu. Kifungu cha 29 kinasema usifanyiwe ukatili wa aina yoyote, utoke serikalini au kwa mtu binafsi. Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Tuna KCAA, mamlaka inayosimamia safari za ndege. Silaha zipo. Ila haki ambayo abiria haioni pale kaunta, kwa lugha anayoielewa, ni kama mwavuli ulioachwa nyumbani.

Kwa hivyo ombi langu kwa KCAA na kwa mashirika yetu ni mambo matatu tu. Kwanza, kanuni fupi, wazi: aliyekwisha kaa hashushwi kwa sababu ya viti. Pili, bango kwenye kila kaunta na kila mlango wa kuingilia ndege, kwa Kiswahili na Kiingereza, likionyesha fidia kwa shilingi. Tatu, askari wasiitwe ndani ya ndege kabla mtu mmoja hajajibu swali hili kwa maandishi: kuna hatari gani?

Na wewe? Jisajili mapema, kwa sababu anayechelewa ndiye anayeachwa na ndiye anayepoteza kinga. Ukiombwa kujitolea, usikubali ofa ya kwanza kabla ya kuuliza: ni pesa au vocha, ndege inayofuata ni saa ngapi, hoteli na chakula analipa nani. Ukilazimishwa, uliza kwa sauti ya heshima: "Ni kwa sababu ya usalama au kwa sababu ya kiti?" Omba jibu lililoandikwa. Hifadhi pasi yako ya kuabiri, jina la afisa, na saa.

Lakini kapteni akishatoa amri, shuka kwa miguu yako mwenyewe. Najua hilo halifurahishi. Kukaidi kunaweza kukuletea kesi, na vita hivi vinashindwa kwa mabavu ila vinashindaniwa vizuri kwa karatasi. Usinielewe vibaya kuhusu Dkt Dao: alikuwa na haki. Ila simtakii mtu yeyote alipe kwa meno kitu ambacho sheria inapaswa kumpa bure.

Na kama si wewe unayeguswa, kazi yako ipo pia. Watu watatu walishuka ndege ile ya Chicago kabla ya Dkt Dao. Walidhulumiwa vile vile, na leo hakuna anayewakumbuka, kwa sababu walishuka kimya na hakuna aliyerekodi. Kilichobadilisha sheria ni simu za waliokaa karibu na sauti zao zikisema, "Mnamfanya nini?" Jirani yako akionewa, toa simu bila kuzuia njia, rekodi, mpe namba yako awe na shahidi. Hata kwenye matatu, mkiuzwa, ulizeni nyote pamoja nauli yenu iko wapi. Mtu mmoja akiuliza, anaitwa msumbufu. Kumi na wanne wakiuliza, makanga anatafuta jibu.

Usiku wa leo, kama una tiketi ya ndege kwenye simu yako, fungua yale masharti marefu ambayo wote hubonyeza "nakubali" bila kusoma. Tafuta mahali wanapoeleza nani huachwa kwanza ndege ikijaa. Huenda ukajikuta pale. Afadhali ujue ukiwa kitandani kuliko ujue mlangoni.